Sura ya Sita: Waya Mgumu

Ukiachia mkono wa eksileta, unapaswa kurudi wenyewe hadi mwisho, haraka, na usikie umegonga. Ukirudi polepole, au ukangoja kusukumwa na kiganja, pikipiki hiyo haifai kubeba abiria hata kama imetoka kuoshwa sasa hivi. Nimeanza na neno hili zito kwa sababu Kigali ni mji wa kupanda na kushuka. Ukiteremka kutoka Kacyiru kwenda Kinamba, au kutoka Nyakabanda kwenda Kimisagara, huna muda wa kubembelezana na injini iliyokataa kupunguza mwendo. Abiria nyuma yako hajui kinachoendelea, na magari yaliyo mbele yamekwisha kusimama.

Jambo hilo likikupata njiani, bana klachi kwanza, zima injini kwa swichi, halafu shika breki zote mbili. Fuata mpangilio huo. Injini itapiga kelele kidogo kabla ya kuzimika, lakini gurudumu la nyuma halitakusukuma tena. Kisha iegeshe pikipiki kando ya barabara na uisukume hadi kwa fundi, na usijaribu kuiwasha tena eti uone kama imejirekebisha.

Mambo mengine yote ya sura hii yanahusu siku zinazotangulia siku hiyo. Waya haugandi ghafla. Huanza kuwa mzito kidogo kidogo, na mkono wa dereva huzoea uzito huo bila yeye kujua, hadi siku mwenzake anapoazima pikipiki na kumuuliza amewezaje kuendesha chombo kigumu namna hii.

Wamotari wengi wa Kigali, yaani madereva wa pikipiki za abiria, wanafanya kazi kwa TVS na Bajaj Boxer zenye injini ndogo, kati ya cc 100 na 150. Ni vyombo vya kazi, vimeundwa vitengenezwe kwa spana chache, na ndiyo maana navipenda. Mikono ya dereva hufika kwenye injini na magurudumu kupitia nyaya: mmoja wa klachi, mmoja wa eksileta, na kwenye pikipiki zenye breki ya ngoma mbele, mmoja wa breki. Spidomita nayo ina wake, lakini huo huzunguka badala ya kuvutwa, na ukifa utakosa namba tu kwenye saa. Ule wa eksileta na ule wa breki ndizo zinazoweza kuua. Ule wa klachi unakula mfuko.

Waya wa namna hii ni kitu cha zamani. Ernest Bowden alipata hataza yake Uingereza mwaka 1896, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Ndani kuna nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Nje kuna gamba lililotengenezwa kwa chuma kilichoviringishwa kama springi iliyobana, likafunikwa plastiki ili maji yasiingie. Katikati ya hivyo viwili, kwenye nyaya nzuri, kuna mrija mwembamba wa nailoni unaopunguza msuguano. Dereva anapovuta, waya wa ndani huvutwa na gamba husukumwa kwa nguvu ileile, upande wa kinyume. Gamba likiwa limepondeka, limejikunja au limechomoka kwenye kikombe chake, waya mpya kabisa utakuwa mgumu na mlegevu kwa wakati mmoja. Watu wengi hutazama waya wa ndani peke yake na kulisahau gamba, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Jambo la pili la kulielewa ni mpindo. Waya ulionyooka hauna shida kubwa. Kila unapopinda, waya wa ndani hujikandamiza kwenye ukuta wa gamba, na msuguano huo haujumlishwi bali huzidishwa. Chukua waya wenye kipimo cha msuguano cha 0.15, ambacho ni cha kawaida kwa chuma chenye mafuta kidogo. Ukipinda jumla ya digrii 180 kutoka usukani hadi injini, mkono unahitaji nguvu zaidi kwa takriban asilimia 60 kuliko kama waya ungenyooka. Ongeza mizunguko midogo hapa na pale hadi jumla ifike digrii 360, na mkono sasa unavuta mara mbili na nusu. Halafu lete kutu. Msuguano ukipanda hadi 0.3, zile digrii 180 za kwanza peke yake zinafikisha mara mbili na nusu hiyohiyo. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoufanya waya kuwa mgumu, njia unayopita na hali ya ndani yake, na kila moja linalizidisha jingine.

Ndiyo maana mazungumzo haya, ambayo yeyote aliyekaa kwenye gereji za Gatsata ameyasikia kwa namna moja au nyingine, hayapaswi kumalizika haraka.

"Mzee, klachi imekuwa ngumu. Nibadilishie waya."

"Ulibadilisha lini, kijana?"

"Hata miezi miwili haijafika."

Fundi mzuri akisikia jibu hilo hafungui droo ya spea. Anashika usukani, anaukata hadi mwisho kushoto, anabana klachi, anaukata hadi mwisho kulia, anabana tena. Akiona uzito unabadilika kadiri usukani unavyozunguka, tayari ameshajua kwamba waya wa tatu utakufa kama wa pili, kwa sababu kinachouua ni njia yake. Fundi mwenye haraka atauza waya, naye kijana ataondoka na klachi laini, amefurahi, kwa wiki chache.

Njia huharibiwa na sisi wenyewe. Pikipiki ikitoka kiwandani, waya una mkondo wake: unapita kwenye pete ndogo ya chuma karibu na taa, unaingia kando ya shingo ya usukani, unateremka chini ya tenki. Baadaye tunaongeza kishikio cha simu, kioo cha kuzuia upepo, taa za ziada. Kila nyongeza inahitaji nafasi, na waya ndio unaosogezwa. Anayefunga taa anazikusanya nyaya zote, za umeme na za kuvuta, anazikaza pamoja kwa kamba ya plastiki hadi zikauke kama kuni. Waya wa kuvuta haupaswi kukazwa hivyo mahali popote. Unahitaji kuongozwa, na ubaki na nafasi ya kusogea usukani unapokatwa. Mahali pengine pa kutazama ni chini ya tenki: likifunguliwa kwa sababu yoyote na kurudishwa bila kuangalia, linaweza kuukalia waya wa eksileta. Na waya wa klachi ukilegea ukaegemea ekzosi, plastiki ya nje inayeyuka, mrija wa nailoni ndani unanata, na hakuna mafuta ya kuuponya huo.

Hapa kuna kipimo kisichohitaji spana hata moja. Washa injini, iache ingurume taratibu bila gia, kisha ukate usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kugusa eksileta. Sauti ya injini isibadilike hata kidogo. Ikipanda upande mmoja, waya wa eksileta unavutwa na usukani, na siku utakapokata kona kali ya kupanda, pikipiki itaongeza mwendo bila wewe kutaka. Fanya hivyo kila mara baada ya mtu yeyote kugusa taa, usukani au tenki.

Kama njia ni nzuri na ugumu bado upo, sasa ndipo tunapotafuta ndani, na kanuni ni moja: tenganisha kabla ya kulaumu. Mnyororo wa klachi una sehemu tatu, yaani mkono unaobanwa kwenye usukani, waya wenyewe, na wenzo ulio kwenye injini. Yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ngumu, na zikiwa zimeungana mkono wako hautakuambia ni ipi. Legeza skrubu ya kurekebishia, chomoa waya kwenye wenzo wa injini, kisha chomoa kichwa chake cha juu. Sasa vuta waya wa ndani kwa vidole viwili, mbele na nyuma. Unapaswa kuteleza kwa ulaini wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikwaruza mahali pamoja, au ukateleza ukavutwa upande mmoja na kugoma kurudi, umempata mhalifu. Ukiteleza vizuri, uache waya wako salama na uende kwenye ncha mbili.

Ncha ya juu inadharauliwa sana. Mkono wa klachi unazunguka kwenye bolti moja, na bolti hiyo hukaa juani, mvuani na kwenye vumbi bila mtu kuikumbuka. Ifungue, futa uchafu mweusi, paka grisi kidogo, rudisha. Mara nyingi nusu ya uzito huondoka hapo. Kisha tazama kwa makini mahali kichwa cha risasi kinapokaa ndani ya mkono huo. Kichwa hicho kimeumbwa mviringo kwa sababu kinatakiwa kuzunguka kidogo kila klachi inapobanwa. Kikikauka kikaganda, hakizunguki tena, na badala yake waya wenyewe unapinda pale pale unapotokea kwenye risasi. Klachi hubanwa mara nyingi mno kwa siku moja ya kazi mjini. Uzi mmoja wa chuma unachoka na kukatika, ncha yake inachomoza kama mwiba. Wa pili unafuata. Nyuzi zilizobaki zinabeba mzigo uleule na zinarefuka, dereva anaona klachi imelegea, anakaza skrubu. Anaikaza tena wiki inayofuata. Halafu siku moja kwenye taa za barabarani waya unabaki mkononi. Tone moja la grisi kwenye kichwa hicho lingezuia yote hayo, na mwiba mmoja ukiuona, usiukate kwa plaizi ukajifariji. Badilisha waya siku hiyohiyo.

Ncha ya chini ina mambo yake. Wenzo wa klachi unatoka kwenye kifuniko cha injini, mahali matope ya barabara yanaporukia. Ukiwa umechomoa waya, usukume kwa kidole gumba: utahisi nafasi ndogo, kisha upinzani wa springi za klachi, kisha unarudi. Ukikwama au ukarudi kwa kusitasita, tatizo liko kwenye shimo lake au ndani ya kifuniko, na hilo ni la kufungua injini. Kwa upande wa eksileta, mwisho wa waya uko kwenye kabureta, ambako kuna kizibo kinachopanda na kushuka. Uchafu wa petroli na vumbi lililopenya chujio la hewa hukifanya kizibo hicho kinate. Nimewaona watu wakimwaga oili kwenye waya wa eksileta wiki nzima ilhali kinachonata ni kizibo. Na huko juu, mpira wa mshiko nao huweza kusogea ukagusa kipande cha usukani pembeni yake, eksileta ikawa nzito kwa jambo dogo la kusukuma mpira milimita chache.

Sasa tuje kwenye mafuta, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa barabarani unapogongana. Grisi isiingie kwenye gamba la waya. Ni nzito, hunasa vumbi la impeshyi, kile kiangazi cha Juni hadi Agosti, na vumbi na grisi vikichanganyika vinakuwa kama dawa ya kusagia chuma. Oili nyepesi ndiyo inayofaa. Chomoa waya, uning'inize wima, funga kona ya mfuko wa plastiki kwenye ncha ya juu ya gamba iwe kama faneli, mimina oili kidogo ndani yake, uache usiku kucha. Mwanzo yatatoka chini maji meusi au ya rangi ya kutu. Vuta waya mbele na nyuma, ongeza oili, mpaka matone ya chini yawe masafi kama ya juu. Kama kuna kutu nyingi, tanguliza mafuta ya kulegezea nati zilizoganda, kisha fuatisha oili ili chuma kisibaki kikavu. Nyaya zenye mrija wa nailoni zinahitaji matone machache tu, na baadhi zimetengenezwa zisitiwe kitu chochote. Ukinunua mpya, soma karatasi yake au muulize muuzaji kabla ya kumimina.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kabla ya itumba, mvua ndefu za Machi hadi Mei, na tena kabla ya zile za Septemba. Maji ya mvua huingia kwenye waya kwa juu, pale gamba linapoishia chini ya mkono wa klachi, yanateremka ndani na kukaa kwenye mpindo wa chini kabisa. Kuna kifuniko kidogo cha mpira kinachoziba mahali hapo. Kikipasuka hakuna anayekijali, maana bila hicho pikipiki inawaka na kwenda vilevile. Namsihi kila kijana anayenunua pikipiki iliyotumika akitazame kifuniko hicho kabla ya kutazama rangi. Na anayeosha pikipiki kwa mashine ya presha asielekeze maji huko juu. Presha inapenya mahali ambapo mvua ya masika isingefika, na inaondoka na oili yote uliyoitia usiku.

Nimesema waya wa klachi unakula mfuko, na nieleze kwa nini, kwa sababu ndiyo hasara isiyoonekana. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na nafasi ya kucheza, milimita 10 hadi 15 kwenye ncha yake, kabla waya haujaanza kuvuta. Waya ukiwa mgumu, dereva anachoka, na akichoka anatafuta nafuu. Anakaza skrubu ili klachi ishike mapema, ile nafasi inakwisha. Sasa klachi haijafungwa kabisa hata akiachia mkono, na pleti zake zinateleza zikiwa zimebeba mzigo. Kwenye tambarare hataona kitu. Akipanda Rebero na abiria, au akipanda kuelekea Jali, injini inanguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inatoka kwenye oili. Pleti zinaisha, oili ya injini inachafuka kwa unga wake, na petroli iliyochomwa haikumpeleka mtu popote. Akifika gereji anaambiwa pleti ni mbovu, zinabadilishwa, na waya mgumu unarudishwa ulivyokuwa. Hesabu hiyo inaumiza, kwa sababu chanzo chake ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila spea nyingine kwenye pikipiki.

Mkono wenyewe wa binadamu nao una haki ya kutajwa. Motari anayebana klachi ngumu kutwa nzima katika foleni za Nyabugogo anapeleka nyumbani kiganja kilichokufa ganzi. Mkono uliochoka hubana breki ya mbele kwa kuchelewa. Sijui kwa nini tunazungumza habari za injini kwa uangalifu na za vidole vya mwendeshaji kama kwamba vinauzwa dukani.

Kuhusu ufundi wa kuokoa jahazi njiani, niseme wazi. Waya wa klachi ukikatika karibu na kichwa, mafundi wana kichwa kidogo cha skrubu kinachokazwa kwenye ncha iliyobaki, nacho kinakufikisha nyumbani. Ni ufundi halali kwa klachi, kwa safari moja. Kwenye eksileta ni kamari, kwa sababu ncha iliyotandazwa na skrubu inaweza kukwama ikiwa wazi. Kwenye breki ya mbele ni marufuku. Na waya uliokatika ukiwa katikati ya mlima haukulazimu kusukuma: zima injini, ingiza gia ya kwanza, iache pikipiki ishikwe na injini isirudi nyuma, ndipo uteremshe abiria wako kwa heshima na kumtafutia mwingine.

Yanayosemwa hapa hayaishii kwenye magurudumu mawili. Wasomaji wangu wa Rubavu, Karongi na Rusizi wana boti kwenye Ziwa Kivu, na wale wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wana boti zilizozeeka kuliko manahodha wake. Kwenye boti yenye usukani mbele na injini nyuma, mkono mmoja unaongoza gia na mwingine mafuta, au mkono mmoja unaongoza vyote viwili, kupitia nyaya ndefu zinazopita chini ya sakafu. Tofauti yake kubwa ni kwamba huo waya husukuma na pia huvuta. Kwa hiyo wa ndani ni mnene na mkakamavu, na mpindo mkali unauumiza haraka zaidi. Kwa nyaya nyingi za aina hii watengenezaji wanataka mpindo wowote uwe na nusu kipenyo kisichopungua sentimita 20 hivi. Fundi aliyeongeza tangi la maji au betri na kuubana waya pembeni amekwisha kuuhukumu.

Kanuni ni ileile, tenganisha kabla ya kulaumu. Chomoa waya kwenye injini, kisha sogeza mkono huko mbele. Ukiwa laini, ugumu uko kwenye wenzo wa gia au wa pampu ya mafuta, na huenda ni chumvi tu iliyoganda kwenye maungio. Ukiwa bado mgumu, chomoa na huko mbele ili uujue waya peke yake. Boti zenye sehemu mbili za kuongozea, chini na juu ya paa, zina nyaya maradufu, na waya mbovu wa juu unaweza kuufanya mkono wa chini uwe mzito. Angalizo moja litakuokolea fedha: injini nyingi za nje za boti hazikubali kuingia gia zikiwa zimezimwa mpaka propela izungushwe kidogo kwa mkono. Watu wamevunja nyaya nzima kwa kulazimisha kitu ambacho hakikuwa na ubovu wowote.

Nyaya za boti zimefungwa pande zote mbili na hazikutengenezwa zipokee oili kama za pikipiki. Waya mgumu wa boti hubadilishwa. Ukibadilisha wa gia, badilisha na wa mafuta, kwa kuwa zina umri mmoja na zimekaa kwenye unyevu mmoja. Waya wa gia usiosafiri hadi mwisho wake, ambao kwa nyaya za kawaida ni sentimita 7 na nusu hivi, huacha gia imeshika nusu, na nusu hiyo inaunguza sanduku zima la gia. Mbaya zaidi, nahodha anakaribia gati, anavuta kurudi nyuma ili asimamishe chombo, na chombo hakisimami.

Nirudi mjini. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria; mpya zote ni za umeme. Za umeme, kama zile za Ampersand zinazobadilishiwa betri vituoni, hazina klachi kabisa, na mkono wake wa eksileta hutuma ishara kwa umeme, hauvuti waya. Ni habari njema kwa vidole vya wamotari. Lakini zile za petroli zilizokwisha kusajiliwa bado zinafanya kazi, na kwa kuwa hakuna mpya zinazoingia, umri wake utazidi kupanda mwaka hadi mwaka. Nyingi zitauzwa mikoani, Musanze, Huye, Nyagatare, na baadhi zitavuka mipaka. Huko zitaendeshwa na vijana wanaozinunua kwa mkopo, wasiojua aliyezitangulia alizifanyia nini. Kwa hiyo somo hili la nyaya litahitajika zaidi katika miaka hii kuliko ilivyokuwa pikipiki zikiwa mpya.

Unaponunua pikipiki iliyotumika, mwombe muuzaji akuruhusu kuchomoa waya wa klachi kwenye injini. Ni kazi ya dakika chache. Akikataa, fikiria upya. Akikubali, uvute kwa vidole viwili kama nilivyoeleza, tazama vichwa vyote vya risasi kama vina mwiba, kata usukani pande zote injini ikiwa inanguruma. Kama waya umekwaruza, dai punguzo la bei ya nyaya zote tatu na uzibadilishe kabla ya siku ya kwanza ya kazi, ukinunua zenye urefu uleule wa asili. Waya mrefu kupita kiasi utajikunja, mfupi utavutwa na usukani, na muuzaji wa spea akikuambia zote ni sawa, ziweke pamoja mezani upime mwenyewe.

Na wewe uliye nayo tayari: kesho alfajiri, kabla hujavaa kofia, zungusha eksileta hadi mwisho na uiachie. Fanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa kushoto, kisha kulia. Ikirudi yenyewe mara zote tatu, nenda kazini. Ikigoma kurudi hata mara moja tu, usichukue abiria mpaka ujue ni kwa nini.